Kamba Kavu

Kila asubuhi kabla ya kengele nilikuwa nikinyunyizia maji sakafu ya darasa la saba. Sakafu ilikuwa ya udongo, na wanafunzi wakiingia kabla haijanyunyiziwa, vumbi lilipanda mpaka ubaoni. Nilitumia kopo nililolitoboa matundu kwa msumari. Nilianzia mlangoni, nikirudi nyuma polepole kuelekea dirishani ili nisikanyage palipolowa. Niliipenda kazi ile. Ilikuwa saa pekee niliyokuwa mwalimu bila mtu wa kunitazama.

Asubuhi ile ya Januari nilikuwa nimefika katikati ya madawati niliposikia juu yangu sauti kama ya mtu mzito anayegeuka kitandani. Vipande vya nyasi vikaanza kudondoka mkononi mwangu. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na upande mzima wa paa, ule unaotazama Burundi, ukashuka. Haukuanguka kwa kishindo. Uliteleza: nyasi zilizolowa mvua ya usiku, fito zilizoliwa na mchwa, vumbi la miaka yote, vyote vikalala juu ya madawati. Nilikuwa bado nimeshika kopo, na maji yake yalinidondokea miguuni. Nilipoinua macho niliona mawingu.

Hakuna aliyeumia. Wanafunzi walikuwa bado wanafagia uwanja.

Mkutano wa kijiji uliitishwa siku ileile, nje ya ofisi. Mwenyekiti wetu, Ndugu Bernardo, alisema chumba cha pili cha shule kimejaa mahindi na maharage tuliyowachangia askari, na lori la kuyachukua haijulikani litafika lini huku Keza kwa barabara ile. Mabati hayapatikani, vita vimemeza kila kitu. Nyasi zipo, zile tulizokata Julai na kuziweka bandani. Wa kuezeka ndio hawapo. Vijana waliojua kazi hiyo walikuwa wamechukuliwa mgambo tangu Novemba, na sasa walikuwa kaskazini wakipigana na majeshi ya nduli aliyeivamia nchi yetu. Miongoni mwao walikuwa Nyandwi, mume wa jirani yetu Rozalia, na kaka yangu Xavery.

"Afisa elimu amesema hivi," Bernardo alimalizia. "Mvua za Machi zikikuta hakuna paa, darasa la saba litahamishiwa shule ya kata nyingine."

Kila mtu alielewa. Huko kwingine ni mwendo wa nusu siku. Wavulana wangetafutiwa ndugu wa kukaa nao. Wasichana wangebaki nyumbani, na mtihani ungewapita wakiwa shambani. Nilimwona Kalista, binti wa Rozalia, amesimama nyuma ya mama yake. Alikuwa ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza katika hesabu, na alikuwa anauma ncha ya kitenge cha mama yake kama mtoto mdogo.

"Mzee Telesfori yupo," mtu mmoja alisema.

Watu wote walimgeukia baba yangu. Nyumba nyingi kuanzia kwetu mpaka Murusagamba zilikuwa na nyasi alizozifunga yeye.

"Mimi nipo," Baba alisema. "Nyonga ndiyo haipo."

Watu wakacheka. Baba aliinua fimbo yake akaendelea: "Naweza kukaa chini na kuelekeza. Lakini atakayepanda ni nani?"

Katika miaka yangu miwili ya chuo cha ualimu sikuwahi kunyoosha mkono darasani hata mara moja. Mkufunzi mmoja alimaliza mwaka bila kulijua jina langu. Lakini nilimtazama tena Kalista, nikasikia mtu anasema, "Nitapanda mimi." Nilikuwa mimi.

"Sema tena, Mwalimu Zita," Bernardo alisema. "Hatukusikia."

"Nitapanda mimi."

Makelele yaliyofuata yalikuwa ya Kihangaza, na mengi siwezi kuyaandika. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Si kwamba anakatazwa kwa fimbo. Ni kwamba akipanda huku wanaume wake wako hai, ni kama amewaambia kwamba hawahitaji tena, na watu husema atakayelipa ni baba, mume, au kaka. Mjane ndiye hupanda, kwa sababu hana tena wa kumpoteza.

"Mwalimu!" Rozalia alipaza sauti. "Wewe huna kaka? Au umechoka kuwa naye?"

Baba alisimama. Ilimchukua muda kusimama, na watu walimngojea. Mwaka tuliohamishiwa kwenye kijiji cha Ujamaa, alianguka kutoka juu ya paa akiezeka nyumba mpya kwa haraka, na siku hiyohiyo Mama alikuwa amepanda juu ya ghala kulifunika lisilowe. Watu waliziunganisha habari hizo mbili, na tangu hapo Mama hakuachwa kunong'onwa.

"Mimi ni Mkristo," Baba alisema. "Nyonga yangu ilivunjwa na boriti mbovu, haikuvunjwa na mke wangu. Binti yangu apande. Nitamfundisha mwenyewe."

Alisema kwa Kiswahili. Nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha shule, soko na mikutano, na mtu akisema neno kwa Kiswahili mbele ya mwenyekiti, neno hilo lilikuwa limesemwa kweli. Nilitaka kulia kwa furaha, nikaona aibu, nikatazama vidole vyangu.

Kwanza wazee walisaidia kubadilisha fito na boriti kutoka ndani, wakisimama juu ya madawati. Kisha zamu yangu ikafika. Ngazi ilikuwa ya miti ya mkaratusi, na nilipanda nikiikumbatia kwa mikono yote miwili. Baba aliketi chini kwenye kigoda, fimbo mapajani. Nilikuwa nimevaa suruali ya Xavery ndani ya gauni langu.

Rozalia alipita njiani na jembe begani. "Mwalimu! Huko juu leo kuna somo gani? Jiografia?"

"Hesabu," Baba alimjibu kabla sijafungua mdomo. "Anahesabu midomo isiyo na kazi."

Hata Rozalia alicheka. Nami juu kule nilimpenda baba yangu mpaka nikasahau kuogopa.

Alinieleza kwa utulivu. Unaanzia ukingo wa chini. Unalaza fungu la nyasi lenye unene wa paja la mtu, unalifunga kwenye ufito kwa kamba ya mgomba, unaweka jingine kando yake, mpaka safu ifike mwisho wa ukuta. Safu ya pili inalala juu ya mafundo ya safu ya kwanza ili mvua isiyaone. Ndivyo unavyopanda mpaka kileleni.

Kamba zilikuwa kavu na zilinikwaruza vidole. Zilipokunjwa zililia kama karatasi.

"Baba, nizilowanishe kwanza?"

Alikaa kidogo kabla ya kujibu. "Kamba ya kuezekea hailowanishwi. Ikiloa inaoza. Funga hivyohivyo."

Nilifunga hivyohivyo. Jioni niliposhuka, safu za kwanza zilikuwa zimelala vizuri, na viganja vyangu viliwaka moto. Baba alilitazama paa, kisha akanitazama mimi. "Umechoka," alisema. Nilidhani ananionea huruma.

Siku chache baadaye nyasi zilianza kuteleza. Fungu moja lilishuka usiku, mengine mawili mchana nikiwa nafundisha. Nilipanda nikayafunga upya. Yakashuka mengine. Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote mpaka zikakatika mkononi, na zile ambazo hazikukatika zililegea zenyewe jua lilipopanda. Ukingo wa paa ulianza kuonekana kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na mlevi.

Ndugu Bernardo alikuja kukagua, na nyuma yake walikuja watu wengi, maana hakuna kinachovuta watu kama kazi ya mwenzao isiyokwenda vizuri.

"Vipi, Mzee?" alimwuliza Baba.

Baba alinishika bega. "Mikono yake ni ya chaki, Mwenyekiti," alisema kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Kukaza hawezi. Si kosa lake. Mungu hakumpa mikono ya kamba."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Labda tuache. Watoto waende huko walikopangiwa."

Nilikuwa nimesimama hapohapo, chini ya mkono wake. Nilikuwa nikiijua habari ya mikono yangu tangu utoto. Nilipokuwa mdogo nilivunja vibuyu, nilimwaga maziwa, vikapu vyangu vilikuwa na tumbo upande mmoja, na Baba alikuwa akicheka na kusema, "Huyu tumpeleke shule kabla hajamaliza vyombo." Wakanipeleka shule. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikijua kwamba nilisomeshwa kwa sababu mikono yangu ilishindwa.

"Nipeni muda kidogo," nilimwambia Bernardo, nikitazama viatu vyake. Alinipa mpaka mwisho wa Februari, lakini alinipa kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze.

Nilianza kujizoeza kwenye miguu ya madawati. Saa za mapumziko nilifunga na kufungua, nikafunga tena. Niliandika ubaoni nikiwa na vitambaa vidoleni, na chaki iliponiponyoka wanafunzi walijifanya hawakuona. Siku moja Kalista alibaki nyuma baada ya wenzake kutoka.

"Mwalimu, tukihamishwa, na wewe utakuja nasi?"

"Sijui, Kalista."

"Mama amesema hata tukihamishwa mimi siendi." Alisema hivyo bila kulia, kama anavyotoa jibu la hesabu. Kisha akachukua ufagio akaanza kufagia nyasi zilizodondoka.

Upande wa pili wa darasa paa la zamani lilikuwa bado limesimama, ila sehemu ya kileleni ilipaswa kuondolewa ili paa jipya lishikane nalo. Nilipanda kuitoa. Hayo yalikuwa mafundo ya Baba, ya miaka ile shule ilipojengwa, kabla hajavunjika nyonga. Nilijaribu kufungua fundo moja kwa vidole, halikufunguka. Nikajaribu kwa meno, likanikwaruza ufizi. Mwishowe nilikata kwa panga. Kamba ilikuwa ileile ya mgomba kama yangu, lakini fundo lilikuwa gumu kama kokwa. Nililiweka mfukoni nikaenda nalo nyumbani.

Mama alikuwa jikoni. Kila alasiri alinipaka samli viganjani, kisha akavipulizia kama anavyopulizia uji wa moto. Jina lake ni Anjelika, lakini kijijini wote walimwita Mama Xavery, na tangu Xavery aondoke jina hilo lilimfanya ageuke haraka kila alipoitwa. Aliliona fundo magotini mwangu akatabasamu.

"La baba yako hilo. Huyo alikuwa akifunga, hata panya hapiti."

"Alikuwa na nguvu, Mama."

"Nguvu za wapi? Alikuwa mwembamba kama wewe. Upepo ukivuma nilikuwa naogopa atapeperuka."

Nilicheka kidogo. "Nakumbuka nilikuwa nampelekea maji. Kila akiezeka, ananiita, Zita, leta maji."

"Na wewe ulikuwa ukimwaga nusu njiani."

"Alikuwa na kiu sana siku zile."

Mama alicheka kwa sauti mpaka akaacha kunipaka. "Kiu? Baba yako! Hajawahi kunywa maji akiwa juu ya paa, hata tone. Alikuwa anaogopa kubanwa na mkojo, maana kushuka na kupanda tena ni kazi nyingine. Maji yale yalikuwa ya ku—"

Aliishia hapo. Kidole chake chenye samli kilikuwa kimesimama katikati ya kiganja changu. Alivitazama vidonda vyangu kimoja kimoja, na kicheko kikamtoka usoni.

"Ya nini, Mama?"

Alichukua bakuli la samli akalifunika. "Mwulize baba yako," alisema.

Sikumwuliza. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikatumbukiza kamba katika maji, nikaiacha mpaka ikawa laini kama utepe, nikafunga nayo kuni mbili. Ikiwa imeloa ilikubali kuvutwa popote nilipotaka. Kesho yake jua lilipoikausha, niliziokota kuni zile na kujaribu kuzitenganisha. Ukucha haukupita. Nilizitikisa, nikazipiga chini, nikazikanyaga. Hazikuachana.

Niliketi pale nikiwa nimezipakata kama mtoto.

Jambo la kwanza nililolihisi halikuwa hasira. Nilimwonea Baba aibu, kama mtu aliyemfumania mzazi wake akiiba. Nilijaribu kumtafutia udhuru: amezeeka, amesahau. Lakini niliukumbuka ule muda mdogo aliokaa kabla ya kunijibu. Mtu aliyesahau hujibu upesi.

Jioni ile tulikula pamoja. Baba alichomoa ndizi ya kuchoma majivuni, akaipangusa, akaimenya, akanipa mimi kwanza, kama alivyofanya tangu nikiwa mdogo.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema.

"Asante, Baba."

Mtu huyu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, siku baada ya siku, akinitazama nikivuja damu vidoleni, na dawa ya yote ilikuwa ndoo moja ya maji. Alinitazama nikizoea kujidharau. Alinishika bega mbele ya watu na kunisaidia kujidharau zaidi. Mama hakuinua uso kutoka kwenye chungu.

Siku iliyofuata nilipanda na ndoo, nikaining'iniza kwenye ufito. Ndani nilikuwa nimezitumbukiza kamba. Baba alifika na kigoda chake, akakaa, akaiona.

"Hiyo ndoo ya nini?"

"Nina kiu," nikasema.

Alitazama maji yakidondoka chini kutoka kwenye kamba niliyoishika. Kisha alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akaenda nyumbani. Hakurudi siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Nilivunja kazi yangu yote ya zamani, nikaanza tena ukingoni. Hapakuwa na mtu wa kunielekeza, nikawa nauliza lile paa la zamani. Nilitambaa mpaka upande wa pili, nikatazama Baba alivyopanga, nikarudi, nikafanya. Nilikosea kupishanisha safu, mvua ndogo ikaingia, nikarekebisha. Nilikosea unene pembeni, nikaongeza. Lakini fundo nililolifunga leo nililikuta kesho palepale. Siwezi kueleza ilivyokuwa asubuhi ya kwanza nilipopanda nikakuta hakuna kilichoteleza. Nilipapasa fundo baada ya fundo. Nilivitazama viganja vyangu, hivi vya kuvunja vibuyu, nikasema navyo kwa sauti ndogo, "Kumbe." Halafu nikalia, kwa sababu aliyestahili kuiona asubuhi ile hakuwepo, na kutokuwepo kwake kulikuwa na maana.

Redio ya Bernardo ilisema majeshi yetu yameshavuka mpaka na yanasonga mbele. Haikutaja majina. Mimi nami niliogopa. Nimezaliwa katika nyumba ileile, nikanyonya imani ileile. Kila nilipoweka mguu kwenye ngazi nilimwomba Mungu amwangalie Xavery, na kila nilipokaza kamba nilijiuliza ninakaza nini.

Mchana mmoja Rozalia alisimama chini ya ngazi. Niliacha kufunga, nikingoja matusi.

"Shuka nikwambie," alisema.

"Niambie hapohapo, Mama Kalista."

"Mume wangu yuko huko. Ukifika kileleni na asiporudi, nitakuchukia mpaka nife. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alisonya. Akainama, akaokota fungu la nyasi, akanirushia. "Basi shika! Umeshapanda, umeshapanda. Ukishuka sasa huwezi kumrudisha mtu, na yule msichana wangu hajui hata kupika ugali. Akitoka shule nitamweka wapi?"

Tangu siku hiyo alikuwa akinirushia nyasi alasiri, na kila fungu lilikuja na neno la kejeli.

Siku ya kufunga kilele, mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Burundi, mazito na ya chini. Watu walianza kuja mmoja mmoja, wengine na majembe yao, wakasimama uwanjani. Ndugu Bernardo alikuja. Wanafunzi wangu walipanga mstari bila kuambiwa. Mama alisimama karibu na Rozalia, na hao wawili walikuwa hawajasimama pamoja kwa miaka.

Halafu nilimwona Baba, akija taratibu na fimbo yake.

Watu walimpisha. Bernardo alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee Telesfori! Na ulisema mikono ya chaki! Umemfundisha kweli huyu. Tazama paa hilo!"

"Hongera, Mzee," mwingine alisema. "Damu ya fundi haipotei."

Nilikuwa nimekaa juu ya kilele, mguu mmoja huku na mmoja kule, fundo la mwisho mkononi. Nilimngoja Baba aseme. Nilikuwa bado namtakia mema. Kama angesema neno lolote dogo la kweli, ningemsaidia kulimalizia.

"Mungu amesaidia," Baba alisema, na akazipokea pongezi zao.

Kitu kilichokuwa kimenyamaza ndani yangu tangu siku ya kuni kilifunguka.

"Baba," niliita. Sauti yangu haikuwa kubwa, lakini kutoka juu kule ilifika. "Uliniambia kamba hazilowanishwi."

Watu walitazamana. Rozalia alizitazama kamba zilizokuwa zikichuruzika maji, kisha akamtazama Baba, na mkono wake ukaenda mdomoni. Kila mtu mzima pale aliwahi kuishi chini ya nyasi alizofunga yeye, na wengi waliwahi kumchotea maji.

Baba alisogea mpaka chini ya ngazi. Akaanza kusema kwa Kihangaza, polepole, akiniambia mimi tu, maneno ya kumwita mtoto ashuke nyumbani.

"Sema kwa Kiswahili," nikamwambia. "Uliposema mikono yangu ni mibovu ulisema kwa Kiswahili. Ulisema mbele ya Mwenyekiti. Nami nilikuamini, Baba. Nilikuamini kuliko vidole vyangu."

Sikujua kwamba naweza kumwambia mtu maneno kama hayo, seuze baba yangu. Matone ya kwanza yaliangukia nyasi.

Baba alishika ngazi kwa mkono mmoja. Nilidhani atageuka aende, kama siku ile ya ndoo. Alimtazama Mama. Mama hakumsaidia.

"Nilisema siamini," alianza. "Mbele yenu wote nilisema mimi ni Mkristo, siamini. Nilikuwa nimeshasema, ningewezaje kurudi nikamwambia asipande? Angeniuliza kwa nini. Kila alipopanda ngazi hii nilimwona Xavery anaanguka."

"Sauti, Mzee," mtu wa nyuma alisema. "Hatusikii huku."

Baba alivua kofia yake. Mvua ilimpiga kichwani. Alipoinua uso hakunitazama, aliwatazama watu, na alisema kwa sauti ileile aliyosemea siku ya mkutano.

"Mikono ya binti huyu ni mizima! Haijawahi kuwa mibovu. Mimi ndiye niliyemdanganya, nilitaka ashindwe. Ninao watoto wawili, na kati ya hao wawili nilimchagua kaka yake."